Barua ya wazi: Mheshimiwa, kifusi cha njia ya Mvuleni kiondolewe

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Hatutataja jina lako wala ofisi yako. Hatukusudii kukuvunjia heshima, na wewe mwenyewe unajijua. Tumeshakuja ofisini, tumeshaandika barua zikapigwa muhuri wa kupokelewa, tumeshaambiwa faili liko mezani. Masika yako mlangoni, na tumeona bora tuseme mbele ya watu.

Tunaoandika ni waongozaji na mafundi wa baiskeli za milimani wa Kaskazini Unguja. Huku kwetu baiskeli hizo hazipandi mlima, zinapita juu ya mwamba.

Jambo lenyewe ni kifusi. Kimemwagwa wiki iliyopita kwenye njia ya miguu inayoiacha barabara ya Mkokotoni na Nungwi kwenda magofu ya Mvuleni. Chungu zimeachwa zilivyoshuka kwenye lori: hazikutandazwa, hazikumwagiwa maji, hazikushindiliwa. Njia imezibika. Baiskeli, bodaboda, gari za ng'ombe, akina mama wenye mizigo ya kuni na watoto wa skuli, wote wanazizunguka, na pa kuzungukia ni mahali pamoja tu, kando ya ukuta wa gofu.

Mheshimiwa, ukuta ule unaujua. Gofu la Fukuchani liko upande wa bahari, la Mvuleni ng'ambo ya barabara, na nyumba zote mbili zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Kwa muda mrefu zilikuwa zikiitwa nyumba za Wareno, ingawa wataalamu wengi wa mambo ya kale siku hizi wanaziona ni kazi ya Waswahili wenyewe. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, bila chembe ya saruji. Ukuta wa namna hiyo unaogopa mambo mawili: maji yanayoingia juu na kugongwa chini. Gurudumu la gari la ng'ombe likilivuta jiwe moja la msingi, lililo juu yake linakosa pa kukalia, na la juu zaidi linafuata. Jiwe lililong'oka karibuni halifichiki. Upande uliokuwa nje ni mweusi kwa ukungu wa miaka mingi, uliokuwa ndani ni mweupe mkavu, na chokaa iliyoganda juu yake inasagika vidoleni. Nenda ukaangalie pale chini ya ukuta, upande wa njia. Mawe ya namna hiyo yapo sasa hivi.

Na tafadhali, lisije likaamriwa na la kupaka saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipumui. Unyevu na chumvi vinakwama nyuma yake, jiwe linaoza kwa ndani, kisha saruji inabanduka na uso wa ukuta. Chokaa hurekebishwa kwa chokaa.

Turudi kwenye njia. Hatujui nani alitoa amri. Tunahisi kifusi kilikuwa cha kazi ya barabara, kikabaki, kikakosa pa kutupwa. Au pengine aliyeamuru aliona mawe yaliyochongoka akadhani njia ni mbovu, akataka kutusaidia. Kama ni hivyo, nia tunaishukuru. Lakini njia ya maweni haitengenezwi hivyo, na kama tungeulizwa tungesema.

Nchi hii ni mwamba wa matumbawe ya kale, uliobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Mvua ina ukali kidogo wa asidi, na mwamba huu ni chokaa, nayo huyeyuka kwa asidi, kwa hiyo kila msimu maji yanachonga: juu yanaacha makali, chini yanaacha mashimo na mapango. Ndiyo maana huku hakuna mto. Maji yanazama papo hapo. Mwendeshaji aliyezoea anaupenda mwamba huu kwa sababu ukiwa mkavu tairi linashika vizuri mno. Taabu ni jiwe lililolegea, na kifusi chote kile ni mawe yaliyolegea.

Kifusi kizuri kina unga wake. Ukikitandaza tabaka la sentimita 10 hadi 15, ukakilowesha na kukishindilia, unga unajaza nafasi baina ya mawe na vyote vinashikana. Ukikimwaga ukakiacha, mvua ya kwanza inauchukua unga na kubakisha mawe ya ukubwa wa ngumi. Hapo gurudumu la mbele halielekei unakotaka, linaelekea jiwe linakobingirikia. Ukifunga breki ya mbele unaruka juu ya usukani. Ukifunga ya nyuma peke yake unateleza ubavu, na ubavu wenyewe unaangukia makali ya mwamba. Kidonda cha jiwe la matumbawe ni kichafu. Kisipooshwa mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, kinatunga usaha.

Na unga huo unaochukuliwa na mvua unakwenda wapi? Pale Mvuleni, nyuma ya gofu, pana pango lenye maji. Sote tunalijua. Kila shimo la njia ile linaweza kuwa mdomo wa maji yanayoelekea chini. Mheshimiwa, unga wa kifusi utaishia humo.

Kwa upande wetu hasara inaanza kwenye tairi. Kwenye mwamba tunatumia tairi pana, inchi 2.25 hadi 2.4, lenye ubavu mnene. Mtu wa kilo 70 anayetumia mpira wa ndani tunamjazia upepo wa psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 30 hadi 35. Ukipunguza sana, mpira unabanwa baina ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili, moja kila upande. Lisilo na mpira wa ndani linakwenda vizuri kwa psi 22 hadi 26, na ndani tunatia maji ya kuziba kama mililita 100 kila gurudumu, ambayo kwa joto letu yanakauka baada ya miezi miwili au mitatu. Maji hayo yanaziba tundu la mwiba na kikato kidogo cha usoni. Kikato cha ubavuni hayakizibi. Na kifusi kinakata ubavuni, kwa kuwa gurudumu linazama na mawe yanalikumbatia pande zote mbili. Njiani hapo dawa ni kipande cha tairi kuukuu kilichobandikwa kwa ndani, utie mpira wa ndani, ujaze pole pole, urudi nyumbani. Tairi hilo limekwisha. Mgeni aliyelipia safari hiyo harudi tena, na akifika hotelini anawaambia na wenziwe. Kijana aliyenunua baiskeli kwa mkopo anabaki na mkopo. Vumbi la kifusi nalo likichanganyika na mafuta ya cheni linageuka msasa: cheni inatanuka, inayala meno ya gia, na kilichokuwa ununuzi wa cheni kinakuwa ununuzi wa seti nzima. Haya tunayalipa sisi. Hakuna fungu la ofisi linaloyalipa.

Kuitengeneza njia ile hakuhitaji lori. Kunahitaji panga, nyundo, toroli na watu wanaoijua. Vichaka vikatwe usawa wa ardhi kabisa, si kwa mshazari kama ilivyofanywa mara ya mwisho, kwa sababu kisiki cha mshazari ni mkuki kwa tairi na kwa mguu wa mtoto aliyevaa kandambili. Makali yaliyosimama katikati ya njia yavunjwe kwa nyundo. Shimo lisilo na kina lijazwe mawe makubwa yaliyopangwa yakabanana, kisha madogo, unga uje mwisho. Shimo lenye kina lisijazwe, lizungushiwe mawe na kupakwa chokaa nyeupe, lionekane kutoka pande zote mbili. Alama za njia ziwe juu ya mwamba, kamwe zisiwe ukutani mwa gofu. Na njia yenyewe ikae mbali na ukuta, angalau mita 20.

Haya hayakuwa mapya kwako. Uliyakubali kwa mdomo wako mbele ya sheha na wazee. Ulisema njia itasogezwa mbali na kuta. Ulisema mashimo yatawekewa alama. Ulisema hakitamwagwa kitu kabla ya mafundi kuulizwa. Tulikushukuru, wazee wakakuombea dua. Muungwana ni kitendo, Mheshimiwa, na kitendo tulichokiona ni lori.

Tungeweza kukuomba mengi. Hatuombi bajeti, hatuombi mabango, hatuombi uzinduzi. Mashimo tutayawekea alama wenyewe, visiki tutavikata wenyewe, hata kuisogeza njia tutaisogeza kwa nguvu zetu ukitupa ruhusa ya maandishi, maana bila ruhusa tutaitwa wavamizi wa eneo la mambo ya kale. Lakini kifusi hatuwezi kukiondoa kwa toroli. Ni kizito, si chetu, na tukikigusa tutaulizwa.

Kiondolewe kabla ya masika. Mvua ikishaanza, lori halitaingia pale bila kuzama kwenye udongo mwekundu, na kila gari la ng'ombe litakalopita litapita ukutani hadi msimu uishe. Kama lipo la kungoja, tungoje mengine yote. Kifusi kiondolewe.

Wako kwa heshima,

Waongozaji na mafundi wa baiskeli, Kaskazini Unguja