"Mashini yenu haioni dhahabu"

Sisi hapa Bukavu tunakodisha na kutengeneza detekta, mashini za kutafuta metali ardhini. Wakati wa kiangazi lalamiko hili linatufikia karibu kila wiki, na maneno yake hayabadiliki: "Mashini yenu haioni dhahabu, muturudishie franga." Safari hii lilikuja na chupa. Mteja aliyekodi detekta kwa siku kumi alirudi Bukavu kutoka upande wa Mwenga, akaweka mezani kichupa cha penisilini chenye unga wa dhahabu, karibu nusu tola, akapitisha diski ya mashini juu yake mbele ya wateja wengine. Kimya. "Si munaona wenyewe?"

Tumeona. Tunajibu hapa kwa sababu chupa ya namna hiyo si ya kwanza kufika mezani.

Detekta haijui dhahabu. Diski, ile sahani ya chini, inatuma nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha metali, umeme mdogo unazunguka ndani yake, na diski inasikia mzunguko ule. Ili umeme uzunguke vizuri, kipande lazima kiwe kimoja, kimeshikana. Nusu tola ya unga ni maelfu ya chembe zilizolala pamoja bila kushikana. Mzunguko wa kila chembe ni mdogo mno na unakufa kabla diski haijaanza kusikiliza. Yeyusha unga uleule uwe kidonge kimoja cha gramu tano na nusu, na mashini ileile italia diski ikiwa juu yake zaidi ya shubiri. Tulifanya hivyo siku ileile kwa kidonge cha plumbi (ile metali laini na nzito ya risasi), kwa kuwa mteja hakutaka unga wake uguswe na moto. Kililia. Mteja hakufurahi, lakini alinyamaza.

Kwa hiyo anayechimba filoni (mshipa wa madini ndani ya mwamba) ambayo dhahabu yake ni ya kusaga, ile ambayo mama twangaise wanaitwanga siku nzima ndipo ionekane kwenye karai, asikodi detekta kwetu. Jiwe linaweza kuwa tajiri na mashini ikabaki kimya. Tunamwambia hivyo kabla hajalipa, na wengine huondoka wakidhani tunaficha mashini nzuri.

Kazi ya detekta iko pale dhahabu ilipojikusanya kuwa pepite, yaani vipande vilivyoshikana: kwenye mteremko ulio chini ya filoni ya kwarzi iliyovunjika, ndani ya nyufa za mwamba chini ya kokoto za mto, na katika malundo ya mawe yaliyotupwa na waoshaji wa zamani. Malundo hayo watu huyadharau. Jiwe lililoshindwa kupita kwenye chekeche lilitupwa bila kuangaliwa, na pepite nene ilienda nalo. Lakini lundo halipimwi kwa kupanda juu na kuzungusha diski. Unalisawazisha kwa jembe, unapima, unakwangua tabaka la sentimita 20, unapima tena, hadi chini kabisa. Mashini moja ilirudishwa kwetu kama "mbovu" baada ya siku mbili juu ya lundo. Timu iliyofuata iliichukua bila sisi kubadilisha hata skrubu moja, ikakwangua lundo la namna hiyohiyo, ikaongeza siku tatu za kukodi kwa hiari yake.

Tabaka ni sentimita 20 kwa sababu ya kina. Wauzaji wa barabarani wanaahidi mita tatu. Pepite ya gramu moja, kwa mashini nzuri ya mapigo (inayotuma nguvu kwa vipigo na kusikiliza katikati yake) na udongo usio na kelele, tegemea sentimita 20 hadi 30. Yenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti inataka diski karibu iiguse. Mita moja na zaidi ni habari ya bonge kubwa sana, au ya pipa la chuma. Na zile mashini za antena mbili zinazogeuka zenyewe kuelekea dhahabu iliyoko ng'ambo ya mlima, tunaletewa tuzitengeneze. Hatuna cha kutengeneza. Hakuna kitu ndani kinachoweza kufanya kazi hiyo.

Sasa bei. Tunaulizwa kwa nini tunadai dola 20 za "kufungua tu". Mashini ikifika, hatua ya kwanza si kuifungua. Tunaipima volti za betri bila mzigo, kisha ikiwa imewashwa. Tunaijaribu kwa diski yetu, halafu diski yake kwa mashini yetu, ili kujua ugonjwa uko upande gani. Tunakunja waya wa diski polepole kutoka plagi hadi chini tukisikiliza kwa kaske (vile vya kuvaa masikioni), maana waya uliokatika ndani hulia tu ukikunjwa kwenye kona moja. Tunapitisha vipande vitatu vya plumbi vilivyobandikwa kwenye kadi ya plastiki, cha gramu 0.2, cha nusu gramu na cha gramu moja, tukiandika umbali kwa rula. Plumbi inalia karibu na namna dhahabu inavyolia. Sarafu na pete zinadanganya. Ni nusu siku. Mara nyingi tunakuta mashini haina ugonjwa, na hapo ndipo mteja anaposema hatukufanya kitu.

Ugonjwa tunaoukuta zaidi si ugonjwa, ni matope. Diski ina kifuniko cha plastiki chini yake, cha kuilinda na mawe. Maji na mchanga mweusi huingia katikati. Mchanga ule una magnetiti (madini ya chuma yenye sumaku), unacheza milimita chache kutoka kwenye diski, na kila hatua mashini inalia. Mchimbaji anapunguza nguvu hadi inyamaze, na sasa ni kweli haioni dhahabu. Ondoa kifuniko kila jioni, kioshe, kikauke, rudisha. Katika mashini moja tulitoa mchanga wa kujaza kikombe cha chai. Waya wa diski nao ufungwe kwenye fimbo kwa utepe, usining'inie, na usifungwe kwa waya wa chuma, jambo ambalo limetokea zaidi ya mara moja.

Kingine ni udongo wetu wenyewe. Udongo mwekundu wa Kivu umejaa chuma. Mashini zinazotuma mawimbi bila kukatiza, kama Gold Monster 1000 ya kilohezi 45, ni kali kwa pepite ndogo kwenye mwamba ulio wazi na kokoto safi, lakini juu ya udongo mwekundu mzito zinapiga kelele kama kuku aliyeona mwewe. Huko tunatoa mashini za mapigo, aina ya GPX 5000. Zinauzwa na kukodiwa kwa bei kubwa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya jina. Zina kasoro yake: hazitenganishi vizuri chuma na dhahabu. Utachimba misumari. Kwenye maeneo ya kampuni za zamani, kama Kamituga ilikofanya kazi SOMINKI tangu 1976 hadi miaka ya 1990, utachimba misumari mingi sana. Kwa hiyo nyuma ya sururu tunabandika sumaku: pitisha kwenye udongo uliotoa, msumari utajishika wenyewe.

Maganda ya risasi yaliyo ya shaba hayashikwi na sumaku, na yanalia vizuri kuliko pepite. Uvumilivu tu. Lakini mlio mkubwa, mpana, karibu na mahali palipokuwa na kambi ya askari, usiuchimbe kwa sururu. Ukiona chuma cha mviringo chenye mkia au shingo, weka alama, ondoeni watu, toa habari kwa wenye mamlaka. Mashini tutaidai baadaye.

Kuitega GPX (kuiweka tayari kwa kazi) machimboni si siri, ila kuna utaratibu. Simu izimwe, si kuwekwa mfukoni. Mkanda wenye kishikizo cha chuma uvuliwe, viatu viwe buti za plastiki. Inua diski hewani, bonyeza kitufe cha kujitafutia masafa, subiri kimalize, kama dakika moja. Usitembee wakati huo. Kisha tafuta mahali pasipo na metali, shusha na kupandisha diski polepole, kutoka sentimita 5 hadi kama 20, mpaka sauti isibadilike ikishuka. Ukihama kutoka udongo mwekundu kwenda kokoto za mto, rudia. Nguvu usiipeleke mwisho. Ipandishe mpaka mlio wa chinichini uanze kutetemeka, kisha ipunguze kidogo. Mlio huo uwe mwembamba kama mbu aliye mbali, kwa sababu pepite ndogo haipigi kelele. Inauvuta tu mlio kidogo, juu au chini. Bila kaske, karibu na mashini za kusaga mawe na groupe (jenereta), hutausikia kamwe.

Diski itembee karibu na ardhi, sawasawa, bila kuinuka mwishoni kama anayefagia ua. Kila mpito uchukue sekunde tatu au nne na uingie nusu juu ya ule uliopita. Mashini mbili zikae mbali. Zikianza kulia kwa pamoja, ongezeni umbali. Radi za Septemba zikianza, hata za mbali, mashini za mapigo zinalia bila sababu. Hiyo nayo tumewahi kulipishwa lawama.

Mlio ukirudi palepale kutoka pande mbili, chimba pembeni, usipige katikati. Pima shimo. Shimo likinyamaza, kitu kiko kwenye udongo uliotoka: ugawe mara mbili, chukua nusu kwa kijiko cha plastiki, pitisha juu ya diski, tupa nusu isiyolia, gawa tena. Baada ya mara tano au sita kinabaki kiganjani.

Tufike kwenye betri, maana hapo ndipo fedha za wateja wetu zinapoungulia. GPX inatumia betri ya lithiamu ya volti 7.4, seli mbili zimefuatana, ikijaa inafika 8.4. Machimboni hakuna umeme. Siku ya tatu betri inaisha, na daima kuna kijana anayejua kutengeneza redio. Anakata waya, anaunganisha betri ya pikipiki. Hiyo ni volti 12, na ikiwa imetoka kuchajiwa ni karibu 13. Wakati mwingine inawaka kwa dakika chache, watu wanashangilia, kisha moshi. Mwingine anafunga paneli ya sola moja kwa moja. Paneli inayoitwa ya volti 12 inatoa karibu 21 ikiwa haina mzigo. Mwingine anafungua pakiti na kuweka seli zilizotoka kwenye kompyuta ya zamani bila kile kibao kidogo cha kulinda. Ya namna hiyo ilifika kwetu imevimba kama mkate, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa abiria kwenye basi. Tunaomba mtu asirudie.

Mashini ikipigwa volti 12, inayokufa ni bodi, na bodi hatuna hapa. Inaagizwa nje, na bei yake inakaribia nusu ya mashini iliyotumika. Wakati chaja yake ya asili inapokea umeme wa gari wa volti 12 bila shida yoyote! Betri ya pikipiki uliyoibeba ingefanya kazi, ila kupitia chaja. Ndiyo maana betri zetu za kukodi zina karatasi ya muhuri, na dhamana hairudi muhuri ukikatwa. Wanasema tunawaona wezi. Hatuwaoni wezi, tunawaona watu walio mbali na umeme, na kwa hiyo siku hizi chaja inakwenda na mashini bure, pamoja na waya wa kuunganisha kwenye betri ya gari. Betri ya pili tunaikodisha dola 5 kwa siku. Wengi wanaikataa kwa kuokoa hizo tano.

Kuhusu maji: kwenye GPX diski inavumilia maji, sanduku haivumilii. Ikianguka mtoni, Elila au Ulindi, toa betri hapohapo, ifute, iache kivulini. Usiiweke kando ya moto wala kuiwasha "kuona kama iko mzima".

Kuna pia nakala bandia, hasa za GPX 4500 na 5000. Kampuni ya Minelab yenyewe imekuwa ikitoa tahadhari juu yake, na ina njia ya kukagua namba ya mashini. Bandia inawaka, ina menyu, inalia kwenye sufuria. Kwenye kipande chetu cha nusu gramu inanyamaza. Kabla ya kumpa mtu akonti (malipo ya kwanza), njoo naye na mashini. Jaribio la rula pekee ni dola 5 na dakika ishirini.

Na detekta haimpi mtu haki ya kuchimba. Kwa Kode ya madini ya 2002 iliyorekebishwa 2018, mchimbaji mdogo anahitaji kadi yake, awe katika kooperative, na afanye kazi ndani ya eneo lililotengwa kwa uchimbaji huo. Mashini ikikamatwa, siku za kukodi zinaendelea kuhesabiwa.

Ukituletea mashini inayosumbua, usiioshe kwanza. Ilete na matope yake, na betri uliyokuwa ukitumia hata kama ni ya kuunganisha, na chaja, na kaske. Ongeza kilo mbili za udongo wa mahali pale na mawe matatu manne yaliyokuwa yakilia, tuyapitishe chini ya diski hapa. Uweke udongo kwenye mfuko wa plastiki, si kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mkebe ni bati, na tutakachosikia ni mkebe.