Baada ya mita, bomba ni la mwenye nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niwafikie wenye nyumba za kupangisha wa Dar es Salaam, hasa wa Mbagala, Temeke na Kigamboni ambako nafanya kazi ya ufundi bomba. Masika hayako mbali, na kila masika naitwa kwenye matatizo yaleyale.

Mpangaji akilalamika kwamba maji yananuka, jibu analopewa ni "waulizeni DAWASA". Jibu hilo lina mpaka, na mpaka wenyewe ni mita. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, inawajibika kwa bomba kuu na laini inayoishia kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani, kila koki, kila kiungio, tangi, chemba na shimo la majitaka ni mali ya mwenye nyumba. Maji mengi mabovu ninayoitwa kuyaangalia yaliingia uani yakiwa safi, yakaharibikia hapohapo uani.

Chukua suala la pampu. Maji yakiwa ya mgao na presha ikiwa ndogo, mtu ananunua pampu na kuifunga moja kwa moja kwenye laini ya mtaani ili ivute. Mamlaka za maji zinakataza, na wengi wanadhani sababu ni kwamba anawanyang'anya majirani. Anawanyang'anya kweli. Ila liko kubwa kuliko hilo. Bomba lenye presha likiwa na tundu, maji yanavuja kwenda nje. Bomba hilohilo likivutwa na pampu wakati halina maji ya kutosha, tundu linavuta kilichoko nje kuingia ndani.

Nimeliona kwa macho katika nyumba moja ya wapangaji huko Mbagala. Laini ya nusu inchi ilipita ubavuni mwa chemba iliyokuwa inafurika. Pale ilipowahi kupasuka, mtu aliifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli akafukia, na juu yake pakatuama kidimbwi cheusi. Tukawasha pampu. Kidimbwi kikaanza kushuka, polepole, mpaka matope ya chini yakaonekana. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza yale maji yamekwenda wapi, maana ndoo zilikuwa zimepangwa foleni kwenye bomba la uani na watoto wamesimama nazo.

Kipindupindu kilichoanza hapa Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa karibu nchi nzima, na njia yake kuu ni hiyohiyo: kinyesi kuingia kwenye maji ya kunywa. Mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji, watu wengi waliniomba niwafungie pampu za namna hii. Nawaomba mafundi wenzangu wazikatae kazi hizo hata njaa ikiuma. Ufungaji sahihi haufichiki: maji ya mtaani yaingie kwenye tangi kwa nguvu yake yenyewe, kisha pampu ivute kutoka kwenye tangi kupandisha juu. Baada ya mita pawe na valvu inayozuia maji kurudi mtaani. Laini ya maji safi ikae mbali na chemba. Ikibidi kukatiza bomba la majitaka, ipite juu yake, ndani ya bomba jingine pana, na pasiwe na kiungio mahali hapo.

Wapo watakaosema wao wamechimba kisima, hawahitaji ya mtaani. Nawauliza: shimo la choo liko wapi? Miongozo ya usafi wa mazingira inataka angalau mita 30 kati ya shimo na kisima. Viwanja vingi ninavyofanyia kazi ni vya mita 20 kwa 20. Ukitoka kona moja hadi kona ya pili kwa mshazari hupati hata mita 29, na hapo bado hujahesabu shimo la jirani aliye ng'ambo ya ukuta. Udongo wetu wa mchanga unapitisha maji upesi. Kwa hiyo kisima cha kiwanja cha aina hiyo kitumike kufulia na kusafishia vyoo, na maji ya kunywa yatoke kwingine au yachemshwe. Kuona maji ni meupe si kipimo. Pelekeni sampuli maabara, na majibu wapangaji wayaone.

Sasa shimo lenyewe. Hapa nawasihi kwa moyo wote, kwa sababu kosa lake halirudiwi. Shimo la majitaka likiziba au pampu ikidondokea ndani, mwenye nyumba anamwita kijana wa mtaani, anamlipa elfu kadhaa, anamwambia ashuke. Mle ndani kuna hewa ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inakaa chini. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu anadhani harufu imeisha kumbe yeye ndiye anayeisha. Anaanguka bila kupiga kelele. Aliye juu anaona mwenzake kalala, anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Ndivyo shimo moja linavyochukua watu wawili, watatu wa nyumba moja.

Msishuke. Mtu akishaanguka humo, fungueni mifuniko yote, wazuieni wengine, pigeni 114 waje Zimamoto na Uokoaji wenye vifaa vya kupumulia. Msiwashe kiberiti kumulika, maana humo huwa na gesi nyingine inayolipuka. Na kisima cha maji safi nacho si salama kwa kuwa tu hakinuki: ukishusha pampu ya petroli ndani yake, moshi wake pekee unatosha kuua. Shimo likijaa, kodini gari la kunyonya majitaka. Wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe choo mtaroni wanavunja Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009, na wanawapelekea maradhi watoto wa wenzao walio bondeni.

Kuhusu hita za kuogea zinazofungwa kwenye shawa nina neno fupi. Nyingi zina wati 5,500, yaani zinavuta karibu ampea 24. Waya wa soketi za kawaida hauzimudu. Zinahitaji waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kuu, swichi inayokata umeme pindi unapovuja, na waya wa athi uliofika ardhini kweli. Zamani bomba za chuma zilipeleka umeme uliovuja ardhini kwa bahati tu. Leo bomba ni za plastiki, kwa hiyo umeme ukivuja kwenye hita isiyo na athi, njia iliyobaki ni mwili wa anayeoga. Mimi ni fundi bomba, sigusi nyaya hizo; mwiteni fundi umeme mwenye leseni.

Na jambo dogo ambalo halina gharama: waonyesheni wapangaji valvu kuu ilipo. Nimewahi kufika kwenye nyumba maji yamejaa mpaka kwenye magodoro, soketi ziko karibu kuzama, na wapangaji wote hawajui pa kufungia. Valvu ilikuwa imefukiwa chini ya saruji ya baraza. Bomba likipasuka ndani, fungeni valvu, na kama maji yanakaribia soketi, zimeni swichi kuu wakati mahali pa kusimama bado ni pakavu. Kama swichi yenyewe imeshazungukwa na maji, tokeni nje na muwaite TANESCO.

Ombi langu la mwisho ni kwa halmashauri za jiji na manispaa. Kwa umeme, nyumba mpya haiunganishwi mpaka mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aweke sahihi kwenye fomu kwamba nyaya ziko sawa. Katika kazi zangu za bomba majumbani sijawahi kuombwa karatasi ya namna hiyo. Mwenye nyumba anaezeka, anapaka rangi, wapangaji wanaingia, na hakuna aliyeuliza laini ya maji imepita wapi. Anapoomba kibali cha ujenzi, mchoro uonyeshe laini ya maji safi, chemba na shimo, na kabla ya mifereji kufukiwa bwana afya aje aone, fundi aliyefunga aandike jina na kusaini. Jina langu liko tayari kuandikwa kwenye kila nyumba niliyoifunga bomba.

Fundi bomba,
Mbagala, Dar es Salaam