Tukiulizwa habari za ukoo, tuulizwe na za upande wa mama

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie swali moja ambalo mwanamume huulizwa akienda kupima tezi dume: "Baba yako au kaka yako amewahi kuugua?" Akisema hapana, linaandikwa hapana, na mazungumzo yanahamia kwenye mkojo. Mimi nimeulizwa hivyo zaidi ya mara moja kabla ya kugundulika na saratani. Habari za mama yangu na dada zake hakuna aliyezitaka.

Swali lenyewe si baya. Mwenye baba au ndugu wa kiume aliyeugua ana hatari inayokaribia mara mbili ya mwanamume mwingine, na hatari hiyo huongezeka ikiwa ndugu huyo aliugua mapema, au kama wagonjwa ni wawili watatu. Kasoro ni kuishia hapo. Tezi dume wanayo wanaume peke yao, lakini jeni (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) zinazoiweka hatarini wanazo wote, na mama huzirithisha sawasawa na baba.

Chukua jeni ya BRCA2. Iko kwenye kromosomu ya 13, moja ya nyuzi zinazobeba jeni, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kazi yake ni kusaidia seli kuunganisha DNA, yaani uzi wenyewe wa urithi, inapokatika. Aliyerithi nakala moja mbovu bado ana ile nzima, nayo inaweza kumtosha maisha yake yote. Ila nakala hiyo nzima ikiharibika ndani ya seli moja ya tezi dume, seli hiyo hugawanyika ikiwa na DNA isiyokarabatiwa vizuri, na makosa hurundikana kizazi hadi kizazi cha seli mpaka saratani ianze. Mtu harithi saratani, basi. Anachorithi ni kuanza safari akiwa ameshapungukiwa kinga moja, ndiyo maana wapo wenye nakala mbovu wanaozeeka bila kuugua.

Mama mwenye nakala mbovu humpa kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Yeye mwenyewe anaweza kuwa mzima. Dalili huonekana pembeni: mama mdogo aliyefariki kwa saratani ya ovari, dada aliyeondolewa titi akiwa bado kijana, mjomba aliyeugua saratani ya kongosho. Baba akiwa mzima wa afya hadi uzeeni, hilo halimkingi mwanawe na kilichotoka kwa mama.

Tena saratani ya BRCA2 haina subira. Huwahi umri, hukua haraka na husambaa kuliko zile za kawaida za tezi dume. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanaume 692 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa: asilimia 11.8 walikuwa wamezaliwa na hitilafu katika jeni za kukarabati DNA. Kwa wale ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, kiwango kilikuwa asilimia 4.6. Lililonifanya niandike barua hii ni jambo jingine la utafiti huo: kiwango cha hitilafu hakikutofautiana kati ya wenye historia ya saratani ya tezi dume katika ukoo na wasio nayo. Swali la baba na kaka halikuwatenganisha.

Sisemi kila kitu ni BRCA2. Wengi wetu hatuna jeni moja kubwa ya kulaumu. Tuna mabadiliko madogo madogo mengi, kila moja likiongeza hatari kidogo tu; kufikia 2023 watafiti walikuwa wameorodhesha 451. Hayo nayo nusu hutoka kwa mama. Na kwa kuwa takwimu hupenda kusomwa vibaya: utafiti wa mapacha wa nchi za Nordiki (Ulaya ya kaskazini) wa 2016 ulikadiria kwamba urithi unaeleza asilimia 57 ya tofauti ya hatari ya saratani hii kati ya mtu na mtu. Nimewasikia watu wakiitafsiri kwamba ukiwa na ndugu mgonjwa, una uwezekano wa asilimia 57 wa kuugua. Sivyo kabisa. Namba hiyo inahusu jamii nzima, haimtabirii mtu mmoja.

Jibu la swali la ukoo linaweza kubadilisha matibabu. Miongozo ya wataalamu wa mkojo wa Ulaya inamtaka mwenye BRCA2 mbovu aanze kipimo cha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, akiwa na miaka 40, badala ya 50. Kwa ambaye saratani imesambaa na haisikii tena dawa za homoni, kuna dawa ya olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa wenye hitilafu za jeni hizi za kukarabati DNA. Dawa hiyo hutumia udhaifu uleule wa seli kushindwa kujikarabati. Halafu wapo mabinti. Baba aliyepimwa na kukutwa na BRCA2 mbovu anawapa binti zake sababu ya kuchunguza matiti na ovari kabla hawajaumwa.

Najua kuuliza si rahisi. Katika koo nyingi marehemu wa kike wote "walikufa kwa tumbo," na wazee hawapendi kuchokonolewa. Ila aliyebaki akijua bado anaweza kuulizwa.

Ombi langu kwako, Mhariri: mtakapochapa tena orodha ya wanaume wanaopaswa kupimwa mapema, chini ya "baba au kaka mwenye saratani ya tezi dume" ongezeni mstari huu: "saratani ya matiti, ovari au kongosho kwa ndugu yeyote wa karibu, wa kuumeni au wa kikeni."

Msomaji wako,
Mgonjwa anayeendelea na matibabu