Mheshimiwa Waziri, kabla ya kibali cha filamu ulizeni mkataba wa mzee

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni na Sanaa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Ujiji, mkoani Kigoma. Nakuandikia kuhusu waigizaji wetu wazee. Sio wale ambao sura zao zinajaa mabango. Nawasemea wanaocheza baba mkwe, mganga, mwenye nyumba anayedai kodi, mlinzi wa getini, mjumbe wa nyumba kumi. Toa watu hawa kwenye filamu zetu uone kitakachobaki. Wengi wao wanazeeka bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba kazi ile ni yao pia.

Ombi langu nalitaja mapema: Bodi ya Filamu isitoe kibali cha kupiga picha mpaka mtayarishaji alete mkataba wa kila mwigizaji, ulioandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa na pande zote mbili.

Mheshimiwa, mfikirie Amri Athumani, King Majuto. Alipanda jukwaani Tanga mwaka 1958, mtoto wa takriban miaka kumi, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Aliigiza mpaka 2018. Katika miaka hiyo sitini alipita kila mlango ambao sanaa ya maigizo nchini ilifungua: jukwaa, kanda za video, televisheni, ambayo sisi wa Bara hatukuwa nayo mpaka 1994, filamu za CD, matangazo ya biashara. Kila mlango mpya ulipofunguka, yeye alikuwa miongoni mwa waliouingia mapema, na watu wakamfuata.

Huku mwisho wa reli tulimtazama kwenye mabanda umiza, yale ya kuonyeshea video, ya Mwanga na Ujiji, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatutiririka. Nilichokiona kwake ni kwamba hakuwa na haraka. Mpe sebule, kiti kimoja na mgeni asiyemtaka, basi. Alimtazama mgeni, akatazama kiti, akamgeukia mkewe, na banda zima lilishavunjika mbavu kabla hajafungua kinywa. Wapo waliodhani ule ni utani wa kijiweni tu. Hapana. Kunyamaza mbele ya kamera mpaka mtazamaji aanze kusema moyoni yale ambayo wewe hujayasema ni ufundi, na ufundi wa namna ile haupatikani kwa mwaka mmoja wala miwili.

Unajua yaliyofuata. Mwaka 2018 aliugua, akalazwa, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Katika kipindi hicho hicho waziri wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Mzee Majuto ikiwemo. Lilikuwa jambo jema na nalishukuru mpaka leo. Lakini angalia wakati wake: mikataba ilianza kusomwa mwenyewe akiwa mgonjwa. Tarehe 8 Agosti mwaka huo akafia Muhimbili, akazikwa kwao Tanga.

Kabla yake tulikuwa tumeshamzika Fundi Said, Mzee Kipara wa kundi la maigizo la Kaole, Januari 2012, na Said Ngamba, Mzee Small, Juni 2014. Kila msiba viongozi walifika, na maneno mazuri yakasemwa.

Sasa nikupeleke kwa mzee mmoja wa hapa kwetu. Jina lake nalihifadhi kwa sababu hakunituma. Huyu alianza enzi za ngonjera na maigizo ya Azimio la Arusha. Kwa kuwa alikuwa na sauti nzito na alijua kutembea kwa madaha, kila mara alipewa kuwa bepari. Mkewe alikuwa akimfunga mto tumboni kwa kanga, juu yake shati la kuazima, kisha anapanda jukwaani kuwanyonya wakulima mbele ya umati mzima. Watoto wakamwita Mirija. Alizomewa hata sokoni, naye akaona fahari, maana aliyezomewa na watoto njiani ndiye aliyecheza sawasawa.

Miaka mingi baadaye wakaja watu wa filamu. Wanaipenda Kigoma, nami nafurahi wakija: ziwa lipo, milima ipo, mitumbwi ya Kibirizi ipo, na jua la jioni likizama upande wa Kongo halihitaji taa. Walimtaka acheze mganga. Mwongozaji alitaka mganga wa kupiga kelele, macho yametoka, kibuyu kinatikiswa. Mzee akaomba ajaribu kwa namna yake. Alikaa mkekani, akamwuliza mgonjwa anatoka kwa nani, mama yake anaendeleaje, amekula nini asubuhi, yote kwa sauti ya chini kabisa. Hivyo ndivyo alivyowaona waganga wa kweli tangu utoto wake. Waliokuwa pale wanasema hata mshika kamera alisahau kazi yake akabaki kusikiliza. Walirudia picha mpaka karibu na alfajiri, mzee wa watu kifua wazi kwenye ubaridi wa ziwa.

Nimeiona karatasi aliyosaini. Ni nusu ukurasa wa daftari la shule, umechanwa kwa rula. Kuna kiasi cha fedha ambacho hakifiki bei ya gunia la mchele, kisha maneno haya: "Nimepokea pesa yangu yote, sina madai." Chini yake saini yake, imetetemeka kidogo. Jina la filamu halipo. Tarehe haipo. Jina la aliyelipa halipo. Mjukuu wake ndiye aliyekuja kuikuta filamu kwenye simu, ina jina tofauti na lile walilotajiwa, na watazamaji wameandika mamia ya maneno ya kumsifu "huyo mzee mganga". Naye hajui pa kuanzia, kwa sababu ameshasaini kwamba hana madai.

Mheshimiwa, simtuhumu mtayarishaji yule kwa wizi. Desturi ndiyo hiyo: kazi inauzwa jumla kwa msambazaji, mwigizaji anapewa chake mara moja, mchezo umekwisha. Filamu yenyewe haijaisha. Inaingia kwenye king'amuzi, inawekwa kwenye YouTube, inachezwa kwenye mabasi ya Kasulu na Kibondo, na kila inapochezwa uso wa yule mzee unafanya kazi upya.

Sheria ya kumlinda ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamtambua mwigizaji kuwa mtu mwenye haki katika uigizaji wake. Tena Januari 2022 tuliona wanamuziki wakigawiwa mirabaha kwa nyimbo zao kuchezwa redioni. Mkoa huu umezaa wanamuziki wengi, kwa hiyo tulifurahi kweli. Kwa waigizaji wa nafasi ndogo tatizo liko nyuma zaidi: huwezi kudai haki katika kazi ambayo huna hata karatasi ya kuthibitisha kwamba uliifanya, na kwa masharti gani.

Ndiyo maana nakiangalia kibali. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, hakuna anayetakiwa kupiga picha za filamu bila kibali, na anayekiomba hupeleka maelezo ya kazi yake yasomwe kwanza. Serikali inasoma watu watasema nini kwenye filamu. Basi isome pia watalipwaje. Huhitaji ofisi mpya wala sheria mpya. Ni kuongeza sharti kwenye fomu.

Mkataba wenyewe usiwe kitabu. Useme jina la kazi, nani anamlipa nani, kiasi gani na lini, siku za kupiga picha, wapi kazi itaonyeshwa, na ikiuzwa tena mwigizaji apate nini. Useme pia mwigizaji akiumia kazini nani atamtibu. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu mtu wa miaka sabini akirushwa kutoka kwenye mtumbwi kwa ajili ya picha, kile anachoangukia ni maji ya kweli. Kwa mzee asiyesoma vizuri, asomewe mbele ya mtendaji wa mtaa, kama tunavyofanya tukiuziana kiwanja.

Watayarishaji watakwambia hawana fedha. Wengi wao ni kweli hawana. Nawajua vijana wanaouza shamba la mama ili wamalize filamu moja. Ila sharti hili haliwalazimishi kulipa mamilioni. Wakilipa elfu hamsini, iandikwe elfu hamsini, na iandikwe kwamba filamu ikija kuuzwa vizuri, mzee atakumbukwa kwa asilimia waliyokubaliana. Mtayarishaji mnyoofu hapo hapotezi kitu.

Kuna jambo la umbali pia. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mzee hawezi kupanda treni kufuatilia malalamiko ya nusu ukurasa wa daftari. Naomba nakala ya kila mkataba wa kazi inayopigwa picha mkoani ibaki kwa afisa utamaduni wa halmashauri husika, na afisa huyo awasaidie wazee kusajili kazi zao Ofisi ya Hakimiliki hapa hapa, bila kusafiri. Wazee wenyewe si wengi kiasi cha kuishinda ofisi moja. Na akishawaandikisha, akae nao na kinasa sauti, kwa sababu michezo waliyocheza kabla ya 1980 haikurekodiwa popote huku kwetu, wanayo vichwani tu.

Mzee Mirija bado yuko imara. Mwezi uliopita ameombwa tena kucheza, safari hii ni baba anayekataa posa. Watu wa filamu wamesema watafika baada ya mvua. Ningefurahi sana, Mheshimiwa, kama watakapofika watakuwa wameshaulizwa mkataba wake uko wapi. Jibu lako ukilipitisha ofisi ya utamaduni ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, litatufikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtazamaji na mpenzi wa maigizo,
Ujiji, Kigoma