Barua kwa Upendo kuhusu mbwa wa mama

Majengo, Dodoma
14 Agosti

Mpendwa Upendo,

Ujumbe wako nimeupata, na zile picha za vijibwa chotara viwili unavyotaka kumchagulia mama tumeziangalia na wanangu mpaka simu ikazima chaji. Nimefurahi mno kusikia mnahamia Iyumbu, hapa kwetu Dodoma. Wewe ukishinda ofisini Mtumba, mama atabaki na kuta tu, kwa hiyo wazo la kumtafutia mbwa mdogo wa kukaa naye naliunga mkono. Ila picha ziweke kando. Mtoto wa mbwa wa mwezi mmoja anapendeza hata awe wa jalalani. Hapa dukani kwangu wenye vijibwa chotara wanakuja kutafuta dawa karibu kila siku, na kabla sijashika chupa yoyote huwa nauliza: mama yake mbwa gani, baba yake mbwa gani?

Chotara si kama maziwa na chai, kwamba ukikoroga kila kikombe kinatoka rangi moja. Tumbo moja linaweza kutoa mwenye pua ya mama, mwenye manyoya ya baba, na mwingine ambaye huelewi kamtoa nani. Wewe una kijana mwenye pumu, na muuzaji anasema damu ya Poodle, ile aina ya mbwa wenye nywele za kujikunja, haina tatizo la manyoya. Mwulize vizuri. Wally Conron, yule wa Australia aliyempandisha mbwa aina ya Labrador na Poodle mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa anamtafutia mbwa mwongozaji mwanamke mmoja asiyeona ambaye mume wake ana mzio. Wakazaliwa watatu, na ni mmoja tu aliyefaa. Kinacholeta mzio kiko pia kwenye mate na mba ya ngozi, si manyoya peke yake. Kijana amshike mbwa kwanza, akae naye saa nzima, ndipo mzungumze bei.

Sasa tuje kwa hao wako wawili.

Huyu wa Shih Tzu na Poodle ndiye aliyekuteka, naona. Tabia sina neno nayo: Shih Tzu alifugwa kwa ajili ya kukaa na watu na hana papara. Shida yangu ni uso wake bapa. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na mwenye pua iliyobonyea hewa inapita kwa shida. Hujaijua Dodoma ya Oktoba na Novemba, kabla mvua haijaanza. Saa nane mchana hata koko wa mtaani, mwenye pua yake ndefu, anajichimbia shimo chini ya mti. Kama kwenye tumbo hilo kuna aliyevuta pua ya Poodle, huyo anazungumzika. Mwenye uso bapa mwache.

Halafu manyoya. Nywele za Poodle haziachi kukua, na za Shih Tzu ni hivyohivyo. Zinataka kuchanwa kila siku na kukatwa kila baada ya wiki kadhaa, la sivyo zinasokotana hadi kwenye ngozi. Huku kuna vumbi jekundu, kuna mbigili, na maji ni ya mgao. Nani atamwogesha, mama na fimbo yake? Na kupe wakijificha humo huwaoni mpaka mbwa ameshapata homa.

Yule wa pili, Dachshund na Chihuahua, kwenye picha hana mvuto, masikini. Lakini mimi ningemchukua huyo. Pua ndefu, manyoya mafupi, ukimpitishia mkono unagusa kupe palepale. Atabweka mgeni akigusa geti, na Iyumbu nyumba ziko mbalimbali bado, kelele hiyo itakufaa. Baridi ya Juni na Julai mshonee kikoti. Ubaya wake mkubwa ni mgongo: Dachshund ana mwili mrefu na miguu mifupi, na zile pingili za uti huharibika mapema, wengine hupooza miguu ya nyuma. Kwa hiyo asiruke kwenye kochi, fundi amtengenezee kijiteremko cha mbao, na asinenepe. Hapo ndipo namwogopa mama, maana namjua: atamlisha ugali kutoka sahani yake mwenyewe.

Chihuahua naye huleta magoti ya kuteguka. Mwambie muuzaji akutumie video ya mama mbwa akitembea, si amelala. Akiinua mguu wa nyuma na kurukaruka hatua mbili tatu kisha akaendelea kama hakuna kitu, achana nao. Na akidai wazazi hawapo, achana nao pia. Asikupe mtoto kabla ya wiki nane, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu mlete hapa, nitakupeleka kwa daktari wa mifugo ninayemwamini.

Usitume hela ya kishika nafasi kabla hatujaongea. Mpe mama shikamoo yangu, na ng'onda wa Tanga usithubutu kuja bila wao.

Wako,
Neema