Behewa Jipya Kabisa, na Bado Klabu Imelikataa

Mteja ananunua behewa la modeli ya reli la HO (kipimo cha 1:87), analipeleka kwenye klabu aliyojiunga nayo, linakataliwa kwenye meza ya ukaguzi. Anarudi dukani kwetu akidai ameuziwa kitu kibovu. Si bovu, ila halijaandaliwa. Klabu nyingi za modeli za reli za Amerika Kaskazini hufuata vipimo vya NMRA, chama cha wapenzi wa modeli za reli kilichoanzishwa 1935, na wana sababu: behewa moja jepesi katikati ya treni ndefu huvutwa likaanguka konani, likaburuta na wenzake.

Uzito kwanza. Kwa HO ni aunsi 1, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 6 linatakiwa kufika aunsi 4, yaani gramu 113 hivi. Mengi hutoka boksini yakiwa mepesi. Sisi huongeza uzito sakafuni, kamwe si karibu na paa, na tunaushika kwa epoksi. Ukijaza vipande vya risasi na gundi nyeupe ya mbao ndani ya tenki lililofungwa, gundi huila risasi, risasi inavimba, na baada ya miaka tenki linapasuka mshono. Hilo halitengenezeki.

Kapla nazo, zile ndoano za kuunganishia, katikati yake lazima pawe inchi 25/64 juu ya reli. Tunapima kwa geji (kifaa cha kupimia) namba 205 ya Kadee, watengenezaji wa kapla. Ikiwa chini kidogo, washa (kipete bapa) ya inchi 0.010 au 0.015 kati ya bogi, yaani fremu inayobeba magurudumu, na sakafu inatosha. Kiwaya kinachoning'inia chini ya kapla kikigusa reli kitanasa kwenye swichi. Tunakipinda juu kwa koleo lake.

Sasa supaglu, ile gundi inayoshika papo hapo. Kifuniko cha kiboksi cha kapla kikilegea, mtu anadondoshea tone moja. Supaglu hutambaa yenyewe hadi ndani, kapla inaganda, haiwezi tena kucheza kushoto na kulia, na kwenye kona mbili zinazopingana behewa linasukumwa nje ya reli. Awali kazi ilikuwa tundu la biti ya kutobolea namba 50, kukata nyuzi za skrubu ndani yake, na skrubu ya saizi 2-56. Baada ya gundi ni kubandua kiboksi, kuziba, kutoboa upya na kuweka kapla mpya. Ndiyo maana ankara ya aliyeanza na gundi huwa nzito, na hatuipunguzi.

Skrubu za bogi hazikazwi sawa. Moja huachwa ili bogi izunguke tu bila kuyumba. Nyingine hulegezwa zaidi ili ifuate reli isiyo sawa. Ukizikaza zote mbili, gurudumu moja litabaki hewani. Umbali wa magurudumu tunaupima kwa geji ya NMRA. Yakibanana, shika ekseli, zungusha gurudumu huku ukilivuta taratibu.

Injini ya DCC, mfumo wa kidijitali unaoita kila injini kwa namba yake, hutoka kiwandani na anwani 3. Ukiiacha hivyo, mwenzako akiita 3 na yako itaondoka. Tunaiwekea anwani mpya, ile namba iliyopakwa ubavuni mwa injini. Kwa iliyonunuliwa hapa hatutozi.

Leta na karatasi ya masharti ya klabu yako. Zipo zinazokataa magurudumu ya plastiki, maana huokota uchafu na kuusambaza relini, na ni nafuu kuyabadilisha wakati bogi tayari ziko mezani.