Tusifukie ukuta wa besimenti kabla haujakaguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wenzangu tuliojenga, au tunaojiandaa kujenga, nyumba zenye vyumba vya chini ya ardhi kwenye miteremko ya Dar es Salaam. Ukipita Goba, Makongo Juu, Kimara au Mbezi utaona jinsi ujenzi wa aina hiyo ulivyoenea: mwenye kiwanja hukata kilima, husimamisha ukuta upande wa juu, hufukia udongo nyuma yake, na upande wa chini hubaki na mlango wa kuingilia sehemu ambayo sote tumezoea kuiita besimenti. Ni njia nzuri ya kukitumia kiwanja cha mteremko, na mimi mwenyewe niliichagua. Ninaloliandikia ni ule ukuta wa nyuma, ambao ukishafukiwa huwezi kuurekebisha tena bila kuchimba upya.

Nyumba yangu ilikamilika mwaka 2016. Masika yaliyofuata, doa la unyevu lilijitokeza kwenye kona ya chumba cha watoto, kimo cha goti kutoka sakafuni, na kabla mwezi haujaisha rangi ilikuwa imevimba na chumvi nyeupe imeanza kula lipu. Fundi aliyenijengea alikuja, akabandua lipu, akapiga nyingine iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, akapaka rangi. Mwaka uliofuata doa likatokea pembeni ya lile la kwanza. Tulirudia kazi ileile mara tatu, nami kila mara nililipa nikiamini kwamba kosa lilikuwa katika kipimo cha saruji. Baadaye niliita kampuni iliyojitangaza kuwa na ujuzi wa kuzuia maji. Kampuni hiyo ilinitajia bei kwa simu kabla hata ya kuuona ukuta, ikapaka kitu kizito cha kijivu upande wa ndani kwa siku mbili, ikaniahidi kwa mdomo dhamana ya miaka 10. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 na kufuatiwa na masika ya 2024 ziliubandua utando huo vipande vipande, na maji yakaanza kuingilia kwenye maungio ya ukuta na sakafu. Binti yangu, ambaye ana pumu, alihamishiwa sebuleni na hakurudi chumbani kwake kwa muda wa miezi minane. Kampuni ile haikupokea tena simu zangu.

Katika miaka yote hiyo tulihangaika na mahali maji yalipotokea, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda nyuma ya nyumba kuangalia yalikotoka. Mtu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa mhandisi niliyeelekezwa kwake na jamaa yangu, na ziara yake ya kwanza ilinifundisha tofauti iliyopo kati ya muuza rangi na mtaalamu. Alishinda kwangu siku nzima bila kutaja bei ya kitu chochote. Alitaka kuona ramani ya nyumba, akauliza unyevu ulionekana lini kwa mara ya kwanza na unakauka baada ya muda gani mvua ikikatika. Alifunga vali zote za ndani, akasoma mita ya maji usiku na kuisoma tena asubuhi, ili ajiridhishe kwamba hakuna bomba lililopasuka chini ya sakafu. Alibandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne, akakiacha kwa siku mbili, kwa sababu matone yakijikusanya upande wa nailoni unaotazama chumba, unyevu ni wa hewa na dawa yake ni kupitisha hewa, lakini yakijikusanya upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ardhini. Aliuliza pia shimo la choo la jirani wa juu liko umbali gani, swali ambalo mimi, kwa miaka minane, sikuwahi kujiuliza.

Kisha akanionyesha mambo mawili ambayo kila mwenye nyumba ya mteremkoni angepaswa kuyajua kabla hajanunua tofali la kwanza. La kwanza ni paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa langu la mita za mraba 200, siku ya mvua kubwa ya milimita 60, humwaga lita 12,000, yaani matangi sita ya lita 2,000. Gata zangu zilikuwa zimefungwa vizuri na fundi bati, lakini bomba la kushushia maji lilimwagia yote hayo kwenye kona ya nyuma, juu kabisa ya udongo uliofukiwa, karibu hatua moja kutoka kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Jambo la pili ni uzito. Udongo wa nyuma ukijaa maji yasiyo na pa kwenda, maji hayo husukuma ukuta, na kila mita moja ya kina huongeza msukumo wa takriban tani moja kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa urefu wa mita 10 ambao maji yamejaa nyuma yake hadi kimo cha mita 2.5 hubeba jumla ya zaidi ya tani 30, na hapo hatujahesabu udongo wenyewe. Hakuna rangi ya kupakwa ndani inayoweza kushikilia hali maji yanaisukuma kutoka nyuma kwa nguvu kama hiyo. Zipo dawa za saruji ambazo huingia katika vinyweleo vya zege na kuviziba hata zikipakwa upande wa ndani, na wataalamu huzitumia, lakini hutumika juu ya zege imara baada ya nyufa kuzibwa na maji kupunguzwa, wala si juu ya lipu iliyokwisha kuliwa na chumvi.

Kazi yenyewe tuliifanya kiangazi cha 2024. Mhandisi alikataa katakata ukuta wote kuchimbuliwa kwa mara moja. Vibarua walichimba kipande kimoja, kikakamilika na kufukiwa, ndipo wakahamia kingine, huku kingo za udongo zikizuiwa kwa mbao ili zisiwaangukie. Tulichokikuta kule chini kilinisikitisha. Ukuta ulikuwa umepakwa lami kwa brashi, mara moja tu, juu ya tofali zisizopigwa lipu, kwa hiyo kila tundu la tofali lilibaki wazi. Nyuma yake palifukiwa kwa mabaki ya ujenzi, vipande vya tofali na zege ambavyo vilikwisha kuikwaruza hata ile lami kidogo iliyokuwapo. Udongo wa juu wa eneo letu ni wa kichanga na unapitisha maji, lakini chini yake kuna mfinyanzi mgumu, na maji yaliposhuka yakafika kwenye mfinyanzi yalikaa palepale kama ndani ya beseni, yakiuegemea ukuta wangu.

Ukuta ulisafishwa, ukapigwa lipu upande wa nje, ukaachwa ukauke, kisha ukabandikwa tabaka mbili za karatasi nene ya lami inayoyeyushwa kwa moto wa gesi, zikipishana kwenye maungio, na juu yake likawekwa ubao wa kinga ili kokoto zisiitoboe. Chini, usawa wa msingi, lililazwa bomba lenye matundu, limezungushiwa kitambaa cha kuchuja mchanga na kuzikwa ndani ya kokoto safi, likiwa na mteremko wa sentimita moja kwa kila mita hadi linapotokea upande wa chini wa kiwanja. Maji ya gata yalipewa bomba lake peke yake, lisilo na matundu, kwa sababu kuyaingiza maji ya paa katika bomba la kukaushia msingi ni kuurudishia ukuta kile ulichoepushwa nacho. Juu kabisa palishindiliwa udongo wa mfinyanzi na kumwagwa zege jembamba linaloinamia mbali na nyumba. Ndani hatukugusa kitu kwa miezi kadhaa, kwa kuwa ukuta uliolowa kwa miaka hauwezi kukauka kwa wiki mbili, na lipu mpya ikipigwa mapema hunasa unyevu na chumvi ileile.

Nilitumia fedha nyingi kuliko matengenezo yote ya awali yakijumlishwa, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye kuchimba na kurudishia udongo. Kama bomba lile, karatasi ile na kokoto zile vingewekwa mwaka 2016, shimo likiwa bado wazi, gharama yake isingekuwa kitu mbele ya gharama ya nyumba nzima. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Kwa wenzetu wa maeneo ya chini kama Mikocheni, Msasani au Upanga, ambako maji ya ardhini yako karibu, suala ni gumu zaidi, kwa sababu hakuna mteremko wa kuyaondolea maji. Huko ni lazima zege la sakafu na kuta lisanifiwe tangu mwanzo lisipitishe maji, maungio yake yawekewe mkanda wa mpira au plastiki, na mara nyingi pawe na kisima kidogo chenye pampu inayojiwasha yenyewe maji yanapopanda. Pampu ya namna hiyo bila umeme wa akiba haina faida, maana mvua kubwa na kukatika kwa umeme huja pamoja. Kiwango cha Uingereza cha BS 8102, kinachohusu kuzuia maji katika majengo ya chini ya ardhi na kilichotolewa upya mwaka 2022, kinatambua aina tatu za kinga: kizuizi kinachobandikwa, zege lenyewe lisilopitisha maji, na mfumo wa kuyakusanya na kuyatoa yale yanayopenya, na kinashauri aina hizo ziunganishwe pale hatari inapokuwa kubwa. Anayekuuzia aina moja tu kwa kila nyumba, bila kuuliza ardhi yako ikoje, anauza alichonacho stoo.

Nawaomba wenye nyumba, kabla ya kutoa malipo ya awali, wadai taarifa ya maandishi inayoeleza chanzo cha maji, mchoro unaoonyesha maji yataelekea wapi baada ya kazi, jina na unene wa kila kitu kitakachotumika, na dhamana iliyoandikwa inayotaja wazi ni ukuta upi na ni nani atakayerudi ukivuja. Wapige picha kila hatua kabla ya kufukia. Waulize namba ya usajili; Bodi ya Usajili wa Makandarasi husajili pia makandarasi wabobezi, na si vigumu kuhakikisha kwamba namba uliyopewa ni ya kweli.

Kwa halmashauri zetu nina ombi moja. Mchoro unaowasilishwa kuombea kibali cha ujenzi wa nyumba yenye ukuta unaozuia udongo uonyeshe bomba la kukaushia, kizuizi cha maji na mahali maji yanapotokea, na mkaguzi afike kuviona kabla udongo haujarudishwa. Mahali maji yanapotokea ni jambo la mtaa mzima: bahati yangu ni kwamba upande wa chini wa kiwanja changu unapita mtaro wa barabara, lakini wapo wengi ambao bomba la namna hiyo lingemwagikia uani kwa jirani, na ugomvi wa aina hiyo ofisi za serikali za mitaa zinaujua vizuri.

Binti yangu amekwisha kurudi chumbani kwake. Kiwanja kilicho juu ya changu kimeanza kuchimbwa mwezi huu, na nimemwomba mwenyewe aje aone picha zangu kabla ukuta wake haujafika usawa wa ardhi. Amekubali kuja Jumamosi pamoja na fundi wake.

Wako msomaji,
Mwenye nyumba, Goba, Dar es Salaam